Penseli Mbili New York

Afisa wa ulinzi pale mlangoni alilishika daftari langu kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa samaki bila kujua amevuliwa lini. Akalifungua, akaona kurasa zilizojaa vijumba vidogo vitupu, akaligeuza juu chini na kulitikisa. Kifutio kikaanguka.

"Hiki ni nini?"

"Daftari la kuandikia mchezo."

"Kwani ule ubao hauandiki?" Alinionyesha kwa kidevu ubao wa matokeo uliokuwa ukimeta kule ndani.

Ningemweleza kwamba ubao huandika na kufuta papo hapo, lakini nyuma yangu foleni ya Wabangladeshi waliovaa jezi za kijani ilikuwa imeanza kunisukuma kwa adabu, na mmoja wao alikuwa amebeba chui mkubwa wa manyoya begani. Nikaokota kifutio changu, nikaingia.

Ilikuwa Jumatatu, Juni 10, 2024. Uwanja wenyewe uko ndani ya bustani ya Eisenhower huko Long Island, mashariki ya jiji la New York, na miezi sita kabla ya siku ile haukuwepo. Waliusimamisha kwa ajili ya Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20, watu 34,000 wakae, kisha waubomoe. Sehemu ya majukwaa yake ilikuwa imetumika Las Vegas kwenye mashindano ya magari ya Formula 1. Nilipopanda ngazi, chuma kilitetemeka chini ya miguu, nikakumbuka majukwaa ya maonyesho ya kilimo, yale yanayofungwa kwa boliti Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu.

Lakini kilichonivuta macho ni pale katikati. Pichi ile, ukanda wa yadi 22 ambao mrushaji huudundishia mpira, haikuota pale. Ililelewa Florida ndani ya masinia makubwa, chini ya usimamizi wa Damian Hough, mtunza uwanja wa Adelaide kule Australia, ikapakiwa kwenye malori na kuletwa hadi New York, ikashushwa ndani ya shimo lililokuwa likiisubiri. Udongo msafiri. Wiki ya kwanza ulikuwa umeshawatoa watu jasho: Sri Lanka walitolewa wote kwa mikimbio 77, Ireland kwa 96. Mpira mmoja ulikuwa ukiruka hadi kidevuni, unaofuata unapita kwenye vifundo vya miguu. Jana yake Wahindi walipata 119 tu na bado wakawafunga Wapakistani, walioishia 113.

Nilijua kuna mtu mmoja ambaye angeniuliza habari za udongo ule kabla ya kuniuliza nani alishinda.

Baba yangu alikuwa mtunza uwanja katika klabu moja ya kriketi ya Wahindi jijini Nairobi. Kazi yake ilianza kabla ya jua: maji, mbegu, fyekeo, kisha rola ya chuma ambayo wanaume wanne waliivuta kama punda. Asubuhi ya mechi alichuchumaa na kuuchoma ufunguo wa nyumba yetu kwenye pichi, akaunusa ule udongo ulioshika kwenye meno yake, halafu akatangaza hukumu. "Leo mpaka saa nane utadunda vizuri. Baada ya hapo mpira utaanza kupinda." Kina mama wa wachezaji walimcheka. Makapteni hawakumcheka, walikuja mmoja mmoja, kwa siri, kumuuliza.

Mimi niliingia kwenye penseli kwa bahati. Jumamosi moja mwaka 1982, mwandishi wa alama hakutokea, nikawekwa mezani kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri. Malipo yalikuwa soda moja na sambusa mbili. Nilifundishwa kwamba mpira usiozaa kitu huandikwa kwa nukta. Ova ni mipira sita. Zikitimia nukta sita bila mkimbio hata mmoja, unaziunganisha kwa kalamu ziwe herufi M. Mpigaji akitolewa ndani ya ova ya namna hiyo, nukta zile unaziunganisha ziwe W. Sijawahi kupata kazi iliyonipa raha kama kuziunganisha zile nukta, na nimefanya kazi nyingi.

Somo kubwa alinipa baba usiku wa siku ile ile. Nilikuwa nikimlalamikia kwamba mwamuzi alimtoa mtu ambaye mimi niliona wazi hakuugusa mpira. Baba alikuwa akiosha miguu kwenye karai. "Mwandishi hana macho," akasema. "Macho ni ya mwamuzi. Yeye akiinua mkono, wewe inua wako kumjulisha umeona, kisha andika." Ndivyo sheria ya kriketi inavyosema hadi leo: mwandishi hubishana na mwandishi mwenzake peke yake, kwa sababu kila timu huleta wake.

Kwa hiyo historia ya kriketi ya Kenya ninayoijua mimi ni ya penseli. Februari 29, 1996, siku ambayo huja mara moja kwa miaka minne, niliandika kwa kusikiliza redio wakati Kenya ilipowatoa West Indies wote kwa mikimbio 93 kule Pune, baada ya sisi wenyewe kupata 166. Februari 24, 2003 sikuhitaji redio. Nilikuwa Nairobi Gymkhana, jukwaani, daftari magotini, Collins Obuya alipowarushia Sri Lanka ile mipira yake ya kuzunguka polepole akaondoka na wiketi tano, yaani wapigaji watano aliowatoa, kwa mikimbio 24. Mwezi uliofuata tulicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na Wahindi mjini Durban, tukafungwa. Sikujua kwamba ukurasa ule ndio wa mwisho mnene. Baada ya hapo yalikuja magomvi ya fedha na ya viti, wachezaji wakazeeka bila warithi, na kufika mwaka 2014 hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja ilikuwa imetuponyoka. Lile daftari la 2003 liliingiliwa na mchwa. Walikula zamu yetu ya kupiga yote, lakini Obuya wakamwacha. Mchwa wa Kenya wana uzalendo wao.

Na mwaka ule wa 2024 Afrika Mashariki ilikuwa kwenye Kombe la Dunia, ila walioiwakilisha ni Waganda. Siku tano kabla ya mimi kuingia Long Island, nilikaa sebuleni kwa dada yangu Jersey City nikiwatazama kwenye simu, wakicheza Guyana. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili, na Uganda ikawafunga Papua New Guinea. Nilishangilia hadi shemeji akatoka chumbani. Kisha nikanyamaza. Wivu wa jirani haufichiki, hata ukimpigia makofi.

Sasa turudi kwenye vyuma vinavyotetemeka. Siku ile Afrika Kusini walikuwa wakicheza na Bangladesh. Walianza vibaya, wanne wakawa wametoka kwa mikimbio 23, kisha Heinrich Klaasen na David Miller wakasimama kwa subira ya wavuvi, wakaifikisha timu 113. Karibu jukwaa zima lilikuwa la Bangladesh. Ni watu wa Queens, waliokuja kwa treni na mabasi: madereva wa teksi, wenye maduka, mabinti wanaosoma vyuo, bibi mmoja aliyekuwa akimenya machungwa na kuyagawa safu nzima bila kuuliza mtu anatoka wapi. Mimi nilipata vipande vitatu. Kijana aliyekaa kulia kwangu, baada ya kunitazama nikiandika kwa ova kadhaa, aliniita "uncle" na tangu hapo akawa ananipasha habari kutoka kwenye simu yake, kana kwamba nimeajiriwa.

Ova ya 17, mpira wa pili. Mpigaji alikuwa Mahmudullah. Mpira wa Ottneil Baartman ulimgonga mguuni, ukateleza nyuma, ukakimbia wenyewe hadi mpakani. Nne! Jukwaa likalipuka. Lakini mwamuzi alikuwa ameinua kidole: ametoka, mguu mbele ya wiketi. Mahmudullah akakata rufaa ya video. Picha zikaonyesha mpira ulikuwa ukienda kupita nje ya vijiti. Hukumu ikabatilishwa, akabaki. Watu wakashangilia mara ya pili.

Ile nne, lakini, haikurudi. Sheria husema mwamuzi akishainua kidole, mpira umekufa palepale, na mpira uliokufa hauzai mikimbio, hata kama kidole chenyewe kilikosea. Mimi nilikuwa nimeshaiandika. Penseli ilinitangulia, jambo ambalo baba angenipiga kofi kwa ajili yake mwaka 1982. Nikachukua kifutio, nikafuta, nikaweka nukta.

"Uncle, mbona umefuta?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, akatazama ubao, akatazama daftari langu tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba mikimbio minne si mingi. Ova ya mwisho walihitaji 11. Mpira wa pili kutoka mwisho, wakihitaji sita, Mahmudullah aliupiga juu sana kuelekea mpakani. Safu yetu nzima ilisimama. Aiden Markram akaudaka akiwa karibu kuikanyaga kamba. Bangladesh walimaliza na 109. Walifungwa kwa mikimbio minne.

Kijana yule hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akaniomba apige picha ya kile kijumba chenye nukta, ambapo ukiinamisha karatasi kwenye mwanga bado unaiona 4 kama kovu.

*

Dada yangu amekaa Marekani miaka ishirini na miwili na hakuwahi kutazama besiboli hadi nilipomlazimisha. Nilisema nimeshaona mchezo wetu ukitembelea kwao, sasa nataka kuona mchezo wao ukiwa nyumbani. Tiketi za Yankees zilikuwa na bei ya kumtisha mstaafu, basi shemeji akapata za Brooklyn Cyclones, timu ya vijana wanaopanda ngazi kuelekea ligi kuu. Uwanja wao uko Coney Island, ufukweni kabisa. Upepo wa bahari ulitupokea na harufu ya chumvi na soseji za kukaanga, na nyuma ya ukuta wa uwanja kulikuwa na mnara mrefu wa zamani wa kurukia kwa parachuti. Dada alivuta pumzi, akasema, "Hapa ungeweka wauza viazi karai, ungekuwa Mama Ngina Drive." Kidogo, ndiyo.

Mchezo haujamaliza dakika kumi akanigeukia. "Hii si raundasi?"

Ilikuwa raundasi kabisa. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua: mpira wa tenisi, kipande cha mti, vituo vinne, wasichana wamefunga sketi kiunoni, na mwalimu wa zamu akipiga filimbi hakuna anayesikia. Dada alikuwa mpigaji mkali wa darasa la sita. Mpira tulioufuata hadi kwa jirani kuomba turudishiwe, aliyeupeleka kule ni yeye. Sasa alikaa pale akiwatazama vijana wenye mabega kama milango, akatikisa kichwa. "Yaani mchezo niliochapwa kwa kuchelewa kuingia darasani, hawa wanalipwa!"

Upande wangu mwingine alikaa mzee Mmarekani mwenye kofia iliyochakaa, na magotini mwake palikuwa na kadi ya alama na penseli fupi. Tulitazamana jinsi wavuta ugoro wanavyotambuana. Nikatoa daftari langu. Akatoa miwani.

Besiboli huandikwa kwa namba. Kila mchezaji wa uwanjani ana yake: mrushaji 1, mdaka wa nyuma 2, kituo cha kwanza 3, cha pili 4, cha tatu 5, yule anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu 6, na watatu wa mbali 7, 8 na 9. Mpira ukipigwa chini, namba sita akauokota na kumtupia namba tatu kituoni kabla ya mpigaji kufika, mzee anaandika 6-3, basi. Kwa alama tatu tu umeiona njia yote ya mpira. Daftari langu haliwezi hilo. Langu linajua mrushaji na mpigaji, na aliyedaka akidaka. Mtu aliyekimbia hatua arobaini akaokoa nne na kuchubuka viwiko halimjui kabisa. Niliona wivu, nikauficha.

Yeye naye alishangaa mambo yetu. Kwamba mpira wetu hupigwa pande zote, hata nyuma, wakati kwao ukitoka nje ya ile pembe ya mbele ni kazi bure. Kwamba mpigaji wetu anaweza kuupiga mpira kisha akasimama tu, asikimbie. "Asikimbie?" Ndiyo, akiona hapafai. Kwao ukiugusa ukaingia uwanjani, gongo unalitupa na miguu inaanza. Na kwamba wetu akitoka ametoka, hana zamu nyingine hadi timu ibadilishane, huenda hadi kesho, wakati kwao mtu anatoka saa moja jioni na saa mbili kasorobo amesimama tena anakodoa macho. Mpigaji wao anayefaulu mara tatu katika kumi ni mtu wa kuheshimiwa. Ndiyo maana, nadhani, wapigaji wao hutoka uwanjani wakitafuna bazoka, na wa kwetu hutoka kama wanaopelekwa mochari. Hata vifaa vinasema hivyo: lao ni rungu la mviringo, la kuvamia, letu ni bapa kama kasia, upana wa kutosha kulinda vijiti vitatu vilivyo mgongoni pako.

Halafu, kwenye zamu ya tano au ya sita, mpira mwepesi ulimjia namba sita moja kwa moja. Ulikuwa wa kuokotwa hata na dada yangu. Ukampita kati ya miguu. Uwanja ukaguna, na kwenye ubao ikawaka herufi E. Mzee akaandika E6, polepole, bila furaha wala hasira.

"Hiyo ni nini?"

"Kosa. La namba sita."

"Mnaliandika?"

"Bila shaka. Kuna mtu amekaa kule juu, kazi yake ni kuamua: lilikuwa kosa au mpigaji ameustahili mpigo. Ninyi mnaandikaje?"

Nikafikiri. Katika daftari la kriketi, mtu akiangusha mpira uliomwangukia mikononi kama embe bivu, hakuna alama. Mpigaji akikimbia moja wakati mpira umeanguka, unaandika 1. Asipokimbia, unaweka nukta. Mwangushaji hayumo. Kesho ukisoma ukurasa, utaona mtu alipiga mia moja, hutaona kwamba alipokuwa na saba fulani alimwangusha.

"Hatuandiki," nikasema.

Mzee alivua miwani. "Sasa watu mnajuaje nani aliharibu?"

"Tunajua. Hatuandiki tu."

Alicheka, kisha akaliinamia daftari langu tena, akitafuta pengine mahali ambapo Waafrika na Waingereza wameyaficha makosa yao. Nilimwonyesha ile nukta ya Mahmudullah. Nikamweleza kisa chote. Alikisikiliza kwa makini kuliko afisa yeyote wa serikali aliyewahi kunisikiliza. "Sisi tungeandika E," alisema mwisho. Nikamwambia kosa lile lilikuwa la mwamuzi. Akatafakari. "Ah. Waamuzi nasi hatuwaandiki."

*

Aliyeuleta uandishi huu wa besiboli ni mtu wa kriketi, na amezikwa Brooklyn, mwendo mfupi wa treni kutoka alipo yule mzee na penseli yake. Shemeji alidhani natania niliposema siku yangu ya mwisho nitaitumia makaburini.

Green-Wood ni makaburi ya vilima, miti mikubwa na mawe ya matajiri. Lango lake lina minara iliyochongoka kama ya kanisa, na ndani ya minara ile wamejenga kasuku wa kijani, wageni wenye asili ya Amerika ya Kusini, wanaopiga kelele kama soko la Marikiti. Nilizunguka nusu saa nzima kabla ya kuliona nililolitafuta: nguzo ya mawe, na juu yake mpira wa besiboli wa mawe. Kwenye pembe za eneo la kaburi vimewekwa vituo vya besiboli, vya mawe pia. Ukilizunguka kaburi, umefunga mkimbio.

Henry Chadwick alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, akaletwa Brooklyn akiwa mtoto. Alikuwa mwandishi wa habari za kriketi, na kriketi wakati ule ilikuwa na mizizi New York. Mwaka 1844, miaka 33 kabla ya Waingereza na Waaustralia kucheza Test yao ya kwanza, Marekani na Kanada walikutana Manhattan katika mechi ambayo ndiyo ya kwanza ya kimataifa katika kriketi. Kanada walishinda kwa mikimbio 23. Mwaka 1856 Chadwick, akirudi kutoka kwenye mechi ya kriketi upande wa pili wa mto, Hoboken, alisimama akatazama vijana wakicheza besiboli, na hakuondoka tena. Lakini alihama na mizigo yake. Mpangilio wa kriketi, ule wa majina kushuka chini na tarakimu kwenda pembeni, aliutia kwenye besiboli. Herufi K wanayoandikia mpigaji aliyekosa mara tatu ni yake. Na makosa ni yake pia: alitaka kila mtu uwanjani awe na safu, ya mema na ya mabaya.

Nilikaa kwenye ukingo wa njia, mkabala na kituo cha tatu. Mtu huyu alitoka kwenye daftari lisiloandika walioangusha, akatengeneza jingine linaloandika. Sijui kama alikuwa amechoshwa na heshima za kwao. Watu wa bara jipya huenda walitaka kujua nani alifanya nini, kwa kuwa hawakuwa wamekulia kijiji kimoja. Sisi tulio wachache, tunaokutana Jumamosi moja na nyingine mpaka kufa, hatuhitaji E. Mwangushaji atakumbushwa kwenye harusi ya mwanawe.

Kwa nini Wamarekani waliiacha kriketi wakashika hii nyingine, vimeandikwa vitabu. Wengine hutaja vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mimi ni mtoto wa mtunza uwanja na nina jibu la mtoto wa mtunza uwanja. Mpira wa besiboli haudundi kabla ya kumfikia mpigaji. Unasafiri hewani, kwa hiyo unaweza kuchezwa kwenye malisho, kambi ya askari au kiwanja cha nyuma ya kiwanda. Kriketi inamtaka mtu mmoja aamke alfajiri amwagilie udongo mwezi mzima kabla ya wengine kuja na nguo nyeupe. Nchi yenye haraka haina mtu huyo. Hata walipoirudisha mwaka 2024 ilibidi wamwite kutoka Adelaide, na udongo uje kwa lori.

Uzeeni Chadwick aligombana na rafiki yake Albert Spalding, mchezaji wa zamani na tajiri wa kuuza vifaa vya michezo. Chadwick alisema besiboli imetokana na raundasi ya watoto wa Uingereza. Spalding hakutaka kusikia kwamba mchezo wa taifa lake una mama mgeni. Ikaundwa tume mwaka 1905, na tume ikaja na hadithi kwamba besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday, mwanajeshi, katika kijiji cha Cooperstown mwaka 1839. Wanahistoria wameshaitupa hadithi ile, lakini jumba la makumbusho ya besiboli lipo Cooperstown mpaka leo, na Chadwick mwenyewe aliingizwa humo mwaka 1938, miaka thelathini baada ya kufa. Nilimpigia dada simu pale pale kaburini kumwambia kwamba kuna mzungu aliyekuwa upande wake.

"Nilikwambia ni raundasi," akajibu. "Umekula?"

Jioni, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, shemeji alinipitisha Eisenhower. Mechi ya mwisho pale, Marekani na India, ilikuwa imechezwa Juni 12, na kazi ya kubomoa ilianza karibu mara moja. Jukwaa nililokuwa nimekalia lilikuwa limebaki mifupa, na mafundi wenye kofia ngumu walikuwa wakipitishiana vipande vya vyuma. Katikati sikuweza kuona chochote kwa sababu ya uzio.

Nikampigia baba. Kijijini Butere ilikuwa saa saba za usiku, lakini yeye hulala kama mlinzi. Ana miaka themanini na miwili na husikia kwa sikio la kushoto tu, kwa hiyo simu zake huanza na kelele za kubadilisha mkono.

"Udongo ulikuwaje?"

Nikamweleza kuhusu masinia, malori, mpira wa kidevuni na wa vifundoni. Akaguna. Alitaka kujua nani aliivuta rola na kwa siku ngapi, nikasema ni mashine. Akaguna tena, tofauti. Kisha akaniambia nimsomee. Nilifungua daftari juu ya boneti ya gari, nikamsomea mechi yote ya Bangladesh ova baada ya ova, nikimruka Klaasen pale betri iliponitishia. Nilipofika ya kumi na saba nilisita, nikamweleza mguu, kidole, rufaa, mpira uliokwenda mpakani wenyewe.

"Na wewe umeweka nini?"

"Nukta."

Simu ilinyamaza hadi nikadhani imekatika. Nilisikia jogoo asiyejua saa.

"Mara ya kwanza," akasema, "uliweka nini?"